Mhandisi Nerio Cavazzuti, Aliyelizuia Gari Bandani Monza

Tarehe 31 Julai mwaka huu, Mhandisi Nerio Cavazzuti atafunga kabati lake katika karakana ya breki na kustaafu, baada ya kuitumikia Benassati kwa miaka arobaini na miwili. Hayupo tena kiwandani mtu aliyemtangulia. Hata ile mashine kongwe ya kukunjia mabati, tunayoiita Bibi, siku ilipoletwa na lori ilimkuta yeye tayari yumo ndani, amevaa koti lake la kahawia, akiuliza kwa nini inashushwa kwa fujo namna ile.

Uongozi umeniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida letu la wafanyakazi. Nimefanya naye kazi tangu nilipokuwa msichana wa maabara ya vyuma. Nimeambiwa niwe mchangamfu, nitaje breki, nitaje tuzo ya usalama, na ile miaka ya mashindano niipitie kwa mistari miwili. Nitachangamka nitakavyoweza. Mistari miwili haitoshi.

Mhandisi alizaliwa milimani, juu ya Pavullo, katika nyumba ya watengeneza jibini. Baba yake alikuwa akipita ghalani na nyundo ndogo, akigonga jibini moja baada ya jingine huku ameinamisha sikio, maana jibini lenye tundu ndani lina mlio wake. Nerio alikulia kwenye ukimya wa namna hiyo, wa watu wanaosubiri kusikia kasoro. Alisoma uhandisi Bologna, na katika vuli ya mwaka 1971 akaajiriwa hapa, kitengo cha magurudumu.

Wakati ule tulikuwa tukiunda Stellina, gari dogo la familia, la mboga na la maparoko. Wateja walilalamika kwamba lina mlio upande wa nyuma ambao hakuna fundi aliyeupata. Nerio alijifungia ndani ya buti akamwambia dereva wa majaribio aendeshe hadi Reggio. Dereva akaendesha, akafika, akaegesha, akaingia baa kunywa kahawa, akakutana na shemeji yake, akasahau kwamba ana mhandisi nyuma. Aliyemtoa ni mwenye baa, aliyesikia gari linagongwa kutoka ndani. Nerio alitoka amekunjamana kama shati la jana, na neno lake la kwanza halikuwa la lawama. Alisema ni bushi ya kushoto, ule mpira mdogo wa kwenye ekseli. Na kweli ilikuwa bushi ya kushoto.

Mtu huyohuyo, aliyekuja kuunda gari la kasi kuliko yote yaliyowahi kutoka mji huu, barabarani anaendesha kama amebeba mayai. Wanawake wa sokoni walikuwa wakimpita kwa baiskeli, wakimpungia mkono.

Sasa niseme tuliingiaje kwenye mbio za langalanga, maana vijana wengi wanaofanya kazi hapa leo hawajui kama tuliwahi kuingia.

Mwanzilishi wetu, Mzee Dialmo Benassati, alikuwa mtu wa magari madogo na hakuona haya kwa hilo. Lakini ng'ambo ya mto Secchia wapo jirani ambao magari yao ya mashindano yanajulikana dunia nzima, na jirani wa namna hiyo hawakosi maneno. Katika harusi ya mjukuu wa Mzee, mmoja wao alimwinulia glasi mbele ya wageni wote, akasema magari ya Benassati ni mazuri sana kwa kubebea kuku, na kuku wenyewe hawajawahi kulalamika. Watu walicheka. Mzee naye alicheka. Jumatatu asubuhi aliingia bwaloni wakati wa chai, akapanda juu ya benchi akiwa na kofia yake, akatangaza kwamba tunaingia langalanga.

Kisha mpishi mkuu, mama aliyekuwa haogopi mtu, akauliza kama gari hilo jipya nalo litakuwa na nafasi ya kuku. Bwalo zima likaangua kicheko, na katika kicheko hicho jambo likawa limekubaliwa. Nerio Cavazzuti, akiwa na umri wa miaka thelathini na minne, akapewa karakana ya langalanga. Ilikuwa ghala la kukaushia mahindi.

Ningependa vijana wajue furaha ya miaka ile. Watu walimaliza zamu yao kwenye Stellina kisha wakaja ghalani bila kuitwa. Wanawake wa kitengo cha viti walishona kiti cha dereva kwa mikono yao, wakampima dereva kama bwana harusi. Mbio zetu za kwanza kabisa, gari lilitoka bandani, pale kando ya njia ya mashindano, likaenda umbali wa kutupa jiwe, injini ikazima kabla hata halijaingia barabarani. Mafundi walilisukuma kulirudisha huku wameinamisha vichwa. Mzee Benassati alisimama akapiga makofi kama mtu aliyeshinda. Aliwaambia mafundi kwamba angalau limetoka bandani, na kwamba mwakani litarudi lenyewe.

Mwaka wa pili halikurudi lenyewe. Dereva wetu wa majaribio alikuwa Silvano Rovatti, mtoto wa mji huu, zamani mwendesha gari la maziwa, mtu wa mzaha kutoka asubuhi hadi jioni. Katika majaribio ya majira ya baridi, fundi mmoja alimwonyesha Nerio mstari mwembamba kwenye mkono wa chuma unaoshikilia gurudumu la nyuma, karibu na pale ulipochomelewa. Ulionekana kama mkwaruzo wa rangi. Silvano alisema anataka kumalizia mizunguko yake kabla ukungu haujashuka. Nerio alisema mstari watautazama kesho. Haukuwa mkwaruzo. Mkono ulikatika kwenye kona, gari likaenda ukutani, na Silvano akapoteza mguu wa kulia chini ya goti.

Nerio alikuwepo hospitali siku alipozinduka. Silvano alitazama shuka, akalitafakari umbo lililokuwa chini yake, akasema sasa soksi jozi moja itamtosha mara mbili. Nerio hakucheka. Tangu hapo alikuwa akimtembelea kila Jumapili, kwanza hospitali, baadaye kwenye baa ambayo Silvano alirithi kwa baba yake pale karibu na kanisa. Na tangu hapo alitaka mtu wa maabara awepo kwenye kila mbio, na ndivyo mimi, Oriella Prandini, niliyekuwa nimezoea kukaa kimya na hadubini yangu, nilivyoanza kuzunguka dunia nikiwa na sanduku la chupa za rangi ya kutafutia nyufa.

Mwaka wa tatu alikuja Ivan Gherpelli, kijana wa Sassuolo, mtoto wa wachoma vigae, mwenye mdomo mwepesi na mikono mizuri ajabu. Alikuwa akiimba ndani ya helmeti. Tulikuwa tukimsikia kwenye redio akiharibu nyimbo za watu kwenye kona za hatari. Alimpenda Mhandisi, naye Mhandisi, kwa namna yake ya kuficha, alimpenda yeye. Gari likaanza kumaliza mbio. Kisha likaanza kumaliza miongoni mwa wa kwanza. Siku tuliposhika nafasi ya tatu kule Austria, paroko alipiga kengele bila kuuliza mtu, na wazee wakadhani vita vimeanza tena.

Halafu ikaja Monza, Septemba ya mwaka 1984.

Jumamosi, katika mchujo, Gherpelli alipata nafasi ya pili. Maana yake ni kwamba Jumapili gari letu lingeanza mstari wa mbele kabisa, mbele ya majirani wa ng'ambo ya mto, mbele ya watu wetu. Kiwanda karibu chote kilikuja kwa mabasi. Wanawake wa viti walikuwa wameshona bendera kubwa kiasi kwamba ilihitaji watu wanane kuishika. Mpishi mkuu alikuwa ametengeneza tortellini za sherehe, tambi zetu zilizojazwa nyama, na kuziacha kwenye majokofu ya bwalo, tayari kwa jioni.

Asubuhi Gherpelli alizunguka mara chache kulipasha moto gari. Alirudi anacheka. Alisema hajawahi kukalia kitu kitamu namna ile, na kwamba tukitaka tumletee tu gazeti, atalisoma njiani. Mafundi wakalifungua gari kulikagua kwa mara ya mwisho. Mmoja wao, akifuta mkono wa gurudumu la nyuma kwa kitambaa, akasimama, akafuta tena, kisha akamwita Mhandisi kwa sauti ya chini.

Kulikuwa na mstari, karibu na pale palipochomelewa.

Tulikwangua rangi ya juu. Nilipaka ile rangi nyekundu inayopenya kwenye nyufa, nikafuta, nikapuliza unga mweupe juu yake. Kama kuna ufa, wekundu hujitokeza kwenye unga. Ulijitokeza, lakini hafifu, tena kwenye kona ambayo rangi hupenda kunasa hata pasipo na kitu. Nilirudia mara ya pili, nikapata jibu lilelile. Nilimwambia Mhandisi kwamba siwezi kusema ni ufa na siwezi kusema si ufa. Mkono wa akiba ulikuwa ndio huohuo: tuliufunga Ijumaa, baada ya Gherpelli kupanda ukingo wa barabara na kuuvunja wa kwanza. Mwingine ulikuwa kiwandani, na mbio zingeanza kabla ya mtu yeyote kwenda na kurudi.

Mhandisi aliutazama mkono ule kwa muda. Kisha akanawa mikono, akajikausha kidole kimoja kimoja, akaenda kwa Mzee Benassati aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha turubai mlangoni mwa banda.

Corrado, mtoto wa Mzee, ambaye ndiye aliyekuwa akishika hesabu za kampuni, alikuwa pale. Alisema kila kitu ambacho mtu mwenye akili angesema. Kwamba tumehangaika miaka minne kwa ajili ya alasiri moja. Kwamba benki haitatupa mwaka wa tano. Kwamba msichana wa maabara mwenyewe hana uhakika. Hakuwa mtu mbaya, na hakuna alichosema ambacho hakikuwa kweli.

Mzee alimsikiliza mwanawe hadi mwisho, kisha akamgeukia Nerio.

"Wewe ndiye mhandisi. Mimi najua kuuza magari tu. Sema liende au lisiende, nami sitakugeuka."

"Lisiende, Mzee."

Mzee Benassati alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

Kumwambia Gherpelli lilikuwa jambo gumu zaidi. Alikuwa tayari amekaa ndani ya gari, amefungwa mikanda, ameshika helmeti mapajani. Alikuwa ameona tunavyozungukazunguka na alikuwa amekwisha kuelewa.

"Mstari nimeuona," alisema. "Anayekaa humu ni mimi. Niache niende nao."

"Silvano naye aliniambia anaenda."

"Mimi si Silvano, Mhandisi."

"Najua. Shuka, Ivan."

Nilidhani atatukana. Nilidhani labda atawasha gari na kuondoka, na kuna watu hadi leo wanasema bora angefanya hivyo. Alifungua mikanda taratibu, akapanda juu ya ukingo wa gari, akaiweka ile helmeti mikononi mwa Mhandisi kwa uangalifu, kama mtu anayemkabidhi mwenzake mtoto mchanga, akaenda nyuma ya lori letu. Hatukumwona tena hadi jioni.

Magari mengine yaliondoka. Nafasi yetu pale mbele ilibaki tupu, mraba mmoja wa lami. Jukwaa kuu lilipiga miluzi ya kuzomea. Kwenye jukwaa la watu wetu hakuna aliyepiga mluzi. Bendera ilishuka, wakaikunja, wakaikalia.

Nao mchezo ulivyo na roho mbaya, aliyekuwa akiongoza injini yake ilikufa. Aliyemfuata akachomoka barabarani. Aliyeshinda alikuwa dereva aliyeanza nyuma ya nafasi yetu, kwa gari ambalo tangu Ijumaa halikuwa limeweza kutukaribia. Mhandisi alizitazama mbio zote akiwa amesimama, helmeti ya Gherpelli bado mkononi.

Jumatatu tulikula zile tortellini bwaloni. Zilikuwa tamu, na hilo ndilo lililotuudhi.

Jumanne nilikata ule mkono maabara. Niliukata kwa msumeno pale kwenye mstari, nikausugua kwa msasa laini hadi ukang'aa kama kioo, nikauweka chini ya hadubini. Nilikuwa nikiomba ufa. Mnielewe: nilikuwa nikiomba chuma kiwe kibovu, ili siku ile iwe na maana. Hakukuwa na ufa. Ulikuwa mkwaruzo wa spana, ulioachwa Ijumaa katika haraka ya kufunga. Chini yake chuma kilikuwa kizima, kimeshikana vizuri kuliko mikono yetu mingi iliyomaliza mbio.

Mhandisi aliingia, akainama kwenye hadubini, akakaa hapo. Aliniomba nisogeze kidogo kushoto. Kisha kidogo kulia.

"Kizima," alisema.

Nilimwambia ndiyo. Aliniambia nimefanya kazi nzuri, akatoka, akafunga mlango polepole.

Jumapili iliyofuata alikwenda baa kwa Silvano kama kawaida. Nami nilikuwepo, na mji mzima ulikuwa umekwisha kusikia habari za maabara. Silvano alimwekea kahawa mezani, akajishikilia ukingo wa kaunta.

"Nerio, mguu wangu niliupoteza mara moja. Wewe usiupachike kwenye kila gari, ndugu yangu."

Alisema kwa mapenzi, na wote tulijua kwamba ni mapenzi. Sijui kama kuna maneno yaliyomwumiza zaidi.

Mnamo Novemba bodi ilifunga karakana ya langalanga. Sababu zilikuwa nyingi na Monza ilikuwa moja tu kati yake, lakini ndiyo iliyosemwa. Ghala likarudi kuwa ghala. Mafundi wetu bora walivuka mto wakaenda kwa majirani, na hatukuwalaumu. Mzee Benassati alifariki majira ya kuchipua. Alikuwa ameahidi kutomgeuka Nerio, na hakumgeuka, ila baada ya siku ile alikuwa hapiti tena ghalani. Gherpelli alipata timu mbovu, kisha mbovu zaidi, kisha akarudi Sassuolo kuuza matairi. Hakushika tena nafasi ya mbele. Hakumpigia simu Mhandisi, wala Mhandisi hakumpigia yeye.

Majirani walimwita Mhandisi naye. Ilikuwa kazi ambayo mhandisi yeyote wa nchi hii angevuka mto akiogelea kuipata. Aliikataa. Akaomba apelekwe kwenye breki za magari ya familia, na huko ndiko alikokaa hadi leo.

Hapa ndipo uongozi ulipotaka nianzie, na kweli yapo ya kujivunia. Breki ya mkono ya Stellina mpya, inayoshika kwenye mteremko hata gari likiwa limejaa, ni yake. Tuzo ya usalama iliyotundikwa pale mapokezi, ingawa jina lililoandikwa ni la kampuni, ni yake. Na yake ni ile tunayoiita kanuni ya shaka: mfanyakazi yeyote, awe fundi mkuu au aliyeajiriwa wiki iliyopita, anaweza kusimamisha gari kwenye mstari wa uzalishaji akisema tu kwamba ana shaka, na ikionekana kwamba shaka yake ilikuwa bure, haombi radhi kwa mtu. Aliipigania kanuni hiyo mbele ya bodi hadi wakachoka. Vijana wameitungia kitenzi. Mtu akisimamisha mstari, wenzake husema amekavazuti. Mhandisi anajifanya hajawahi kulisikia neno hilo.

Kwa hiyo ni rahisi kusema, na nimesikia watu wakisema katika wiki hizi za kuaga, kwamba yote yaliishia vizuri, kwamba Monza ilitupa kanuni, na kanuni imeokoa watu. Sitaki kuandika hivyo, kwa sababu yeye mwenyewe hajawahi kusema hivyo.

Mara moja tu alinizungumzia siku ile. Tulikuwa tumepanda milimani kupima breki, tukaegesha kando ya barabara kula mkate. Ilikuwa imepita miaka kama ishirini. Alikuwa akitazama barabara inavyoshuka.

"Oriella, kuna siku huwa naliacha liende," alisema. "Kichwani. Nalisikia hadi kona ya mwisho. Na bado sijui kama nilikuwa namlinda Ivan au nilikuwa najilinda mimi."

Nilimkatia jibini. Tukarudi kazini.

Februari mwaka huu tulimzika Silvano Rovatti. Baa ilifungwa, mji ukaja, hata majirani wa ng'ambo walileta shada. Jeneza lilibebwa na wanaume sita, na mmoja alikuwa Ivan Gherpelli, mvi kichwa kizima, tumbo la muuza matairi. Mpangaji wa mazishi, asiyejua habari zetu, alimweka upande mmoja na Mhandisi, mmoja nyuma ya mwingine. Walitembea hivyo kutoka kanisani hadi makaburini, hatua zao zikifuatana, bila kusalimiana.

Baada ya watu kutawanyika, Gherpelli alimsubiri kwenye lango. Mimi na Bi Tosca, mke wa Mhandisi, tulikuwa nyuma yao kidogo.

"Ningeshinda siku ile, Nerio."

Zamani hakuwahi kumwita kwa jina. Mhandisi alikuwa na mengi ya kujibu. Angeweza kutaja ile rangi nyekundu kwenye unga. Angeweza kumtaja mtu tuliyetoka kumzika. Alivua kofia.

"Ungeshinda," alisema. "Nilikunyang'anya."

Gherpelli alitikisa kichwa, akakitikisa tena. Alisema kwamba kwa miaka yote hiyo watu wamemwambia Mhandisi alikuwa na haki, na wengine wamemwambia alikuwa mwoga, na hakuna hata mmoja aliyemwambia neno hilo moja, kwamba alinyang'anywa. Alikuwa akilitaka kutoka kwake tu.

"Nilidhani nikilisikia itaacha kuuma," alisema.

"Na?"

"Bado."

Kisha Gherpelli akamshika Mhandisi kiwiko, kwa sababu ngazi zilikuwa na barafu, wakashuka pamoja. Jumapili iliyofuata gari lenye namba za Sassuolo lilionekana mbele ya nyumba ya akina Cavazzuti. Limeonekana Jumapili nyingi tangu hapo. Bi Tosca anasema hawaongei sana. Na wakiongea, wanabishana.

Chakula cha kumuaga kitakuwa bwaloni tarehe 31, saa saba mchana, na wastaafu wote wa ghala la mahindi wanaalikwa pamoja na wenzi wao. Gherpelli amethibitisha kuja. Aliomba akae mbali na meza kuu. Tumemwekea kiti kando ya Mhandisi.

Bi Tosca, asante kwa kutuazima mume wako kwa muda mrefu namna hii, na kwa kumpokea kila alipotuacha akiwa amenyamaza. Mhandisi Cavazzuti, asante kwa breki, kwa kanuni, kwa subira yako na sisi. Uende kwenye hewa nzuri ya milimani, upate siku nyepesi na wageni wabishi. Tunasikitika kwamba hatukushinda. Tunasikitika zaidi kwamba unaondoka, nasi hatujapata bado namna ya kukushukuru kwa siku ambayo kila mmoja wetu aliichukia.